Urithi hai ni nini? Tazama Kolo, Kondoa

Urithi hai ni mahali, kitu au desturi ya kale ambayo wenyewe bado wanaitumia. Boma la Mjerumani lililobaki kupigwa picha tu ni urithi, ila uhai wake ulishakwisha. Mwamba ambao watu wanaupandia hadi leo kuomba mvua ni jambo jingine.

Mfano mzuri uko Kolo, wilayani Kondoa, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Babati na Arusha. Milima yake yenye miti ina mapango ya michoro: watu warefu wembamba, twiga, pofu, vyote kwa rangi nyekundu. Ile myeupe ni ya baadaye. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaiingiza kwenye Urithi wa Dunia.

Wageni wengi huja kwa matembezi: unapanda, unahema, unatazama, unashuka. Lakini mwamba maarufu kuliko yote, Mungomi wa Kolo, ni mahali pa tambiko. Mvua ikigoma au ugonjwa ukizidi, wazee hupanda kuomba, na pombe ya nafaka hurushwa mwambani. Hapo wataalamu wa mambo ya kale hushika kichwa, maana pombe hiyo inaweza kuharibu rangi. Kwa upande wangu, kupiga tambiko marufuku ili kuokoa mchoro ni kuua nusu ya kile kinacholindwa. Afadhali kukaa na wazee mkakubaliana irushwe wapi. Wanaostahili kufukuzwa ni wachimbaji wanaofukua chini ya mwamba wakitafuta dhahabu ambayo eti Wajerumani waliifukia. Hiyo dhahabu, sijui nani aliwaambia ipo!

Msitu nao ni sehemu ya urithi huo. Miti ndiyo inayokinga michoro na upepo, vumbi na jua. Ukiikata kwa mkaa, mwamba unabaki uchi. Kondoa wanaijua adha ya ardhi tupu: mmomonyoko ulikuwa mkali kiasi kwamba mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo kwenye eneo lililoharibika zaidi.

Ukienda, pitia kwanza ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, upande na mwongozaji. Usiguse michoro, wala usiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha. Ukikuta wazee wako kwenye tambiko, subiri chini mpaka wamalize.