Joto la Mzamiaji Halitoki kwenye Vazi la Nje

Ni rahisi kuamini kwamba vazi lisilopenyeza maji ndilo linalompa mtu joto. Sivyo. Katika ufa wa Silfra, nchini Iceland, ambako maji huwa kati ya nyuzijoto 2 na 4 za Selsiasi mwaka mzima, vazi la kitambaa chepesi cha tabaka tatu huzuia maji tu. Kinachohifadhi joto ni hewa iliyonaswa ndani ya nguo zinazovaliwa chini yake. Vazi la neopreni, yaani mpira laini uliojaa viputo vya gesi, lina kinga yake lenyewe dhidi ya baridi, lakini viputo vyake hubanwa kadiri mtu anavyoshuka, na kinga hiyo hupungua.

Kwa hiyo ni busara kuchagua nguo za ndani kwanza, ndipo litafutwe vazi la nje lisilozibana. Inayogusa ngozi iwe ya sufu au polista, kamwe isiwe ya pamba, ambayo hunyonya jasho na kubaki na unyevu mwilini. Lijaribu vazi ukiwa umevaa zote: chuchumaa, kisha nyoosha mkono hadi ilipo vali ya mtungi wa hewa mgongoni, usipoifikia, vazi hilo ni dogo. Lisiwe kubwa mno pia, maana hewa ya ziada inaweza kukimbilia miguuni na kumpindua mzamiaji.