Dakika 120 za msituni, na namna ya kuzitumia

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu msitu na afya ni la umbali: nitembee kilomita ngapi? Mimi huanza na muda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu watu karibu 20,000 nchini Uingereza uligundua kwamba waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki kwenye mazingira ya asili walielekea zaidi kusema wana afya njema na wanaridhika na maisha yao. Faida ilifika kilele kati ya dakika 200 na 300, na ilikuwa ileile hata kama muda uligawanywa. Tukumbuke kwamba watu hao waliulizwa tu. Mgonjwa naye hutoka nje kwa nadra, kwa hiyo takwimu hizi peke yake hazithibitishi kwamba msitu ndio ulioleta afya.

Vipimo vya mate vinasaidia hapo. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo ulionyesha kwamba kotisoli, homoni ya msongo, hushuka kwa kasi zaidi mtu akikaa au kutembea kwenye mazingira ya asili kwa dakika 20 hadi 30. Baada ya hapo huendelea kushuka, ila polepole. Ndiyo maana napendekeza safari tatu za dakika 40 kuliko moja ndefu inayoahirishwa kila Jumamosi.

Harufu ya miti inasifiwa sana. Nchini Japani, daktari na mtafiti Qing Li na wenzake waliona seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa virusi zikiongezeka baada ya siku tatu msituni, wakahusisha jambo hilo na kemikali zinazotolewa na miti. Washiriki walikuwa wachache, kwa hiyo siwezi kuuegemea ushahidi huo peke yake.

Ninachokiamini zaidi ni mapumziko ya umakini. Wanasaikolojia Rachel na Stephen Kaplan walieleza kwamba umakini wa kujilazimisha, ule wa kazini, huchoka. Majani yanayotikisika, maji na sauti za ndege huvuta akili bila kuidai chochote, na umakini ule ukapata nafasi ya kurudi. Hapa ndipo simu inapoharibu kila kitu. Kuizima sauti hakutoshi, maana mkono utaifuata tu. Na anayepiga picha tayari anawaza nani ataziona. Iweke hali ya ndege, uizike chini kabisa ya begi. Vipokea sauti viache nyumbani.

Dakika kumi za mwanzo akili bado hukimbia, na wengi hudhani zoezi limeshindikana wakageuza. Endelea. Punguza hatua mpaka uweze kupumua kwa pua bila shida, kisha keti dakika 15 mahali pamoja, usikilize sauti iliyo mbali kabisa na iliyo karibu kabisa. Usiketi chini ya tawi kavu, na ukisikia radi ondoka.

Dawa za presha au za sonona usiziache kwa sababu ya msitu. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta.

Vaa suruali ndefu, na ukirudi kagua nyuma ya magoti, kwapani na kinenani. Ukikuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kumsokota. Usimpake mafuta wala kumchoma. Ukipata homa au upele katika wiki zinazofuata, mwambie daktari kwamba uliumwa na kupe.