Kilotani si uzito wa bomu

Kila mwezi wa Agosti unapofika, hadithi ya bomu la nyuklia la Hiroshima, Japani, lililokuwa na "uzito wa kilotani 15" husimuliwa upya, mara nyingine na watu ambao kwa mambo mengine ni makini sana. Kilotani ni kipimo cha nishati ya mlipuko: kilotani 1 ni nishati ambayo ingetolewa na tani 1,000 za baruti ya TNT, na kwa makubaliano huhesabiwa kuwa kalori trilioni 1. Bomu lenyewe, lililopewa jina la Little Boy, lilikuwa na uzito wa takriban tani 4.4, na kati ya kilo 64 hivi za urani zilizokuwamo, ni chini ya kilo 1 tu iliyopasuka viini vyake. Shehena ya tani 15,000 ni ya meli; hakuna ndege ambayo ingeruka nayo.

Kosa hili lina asili inayoeleweka. Katika Vita vya Pili vya Dunia, mabomu yalikuwa yakihesabiwa kwa tani za mizani. Ndege za Kimarekani za B-29 zilipoishambulia Tokyo usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, ziliangusha mabomu ya moto yapatayo tani 1,665, na tani hizo zilikuwa uzito halisi uliopakiwa ndegeni. Kwa hiyo Rais Truman wa Marekani alipotangaza tarehe 6 Agosti kwamba bomu jipya lilikuwa na nguvu kupita tani 20,000 za TNT, aliazima kipimo ambacho wasikilizaji walikwisha kukizoea kwa maana nyingine. Kwa wanasayansi wa Los Alamos, maabara ya Marekani iliyounda bomu hilo, ulinganisho huo haukuwa wa maneno matupu. Tarehe 7 Mei mwaka huohuo, katika jangwa la New Mexico, walirundika TNT ipatayo tani 100 juu ya jukwaa la mbao na kuilipua, ili warekebishe vyombo vya kupimia kabla ya Trinity, jaribio la kwanza la bomu la nyuklia, la tarehe 16 Julai. Mlipuko huo hautajwi sana, ingawa kwa maoni yangu unaifafanua kilotani kuliko kamusi. Baadaye makadirio ya Hiroshima yalishushwa hadi kilotani 15 hivi, na ya Nagasaki, mji wa pili wa Japani uliopigwa kwa bomu la nyuklia, yakawekwa karibu na 21.

Linaloudhi zaidi ni kuzigeuza tarakimu hizo kuwa kipimo cha maafa. Bomu la Nagasaki lilikuwa na nguvu zaidi, lakini liliua watu wachache kuliko la Hiroshima, kwa kuwa lililipuka juu ya bonde la Urakami na vilima vikaukinga upande mwingine wa mji. Isitoshe, TNT hudhuru hasa kwa wimbi la mlipuko, ilhali katika bomu la nyuklia linalolipuka angani wimbi hilo huchukua takriban nusu ya nishati, na sehemu iliyobaki hutoka kama joto na mionzi. Usawa unaozungumzwa ni wa nishati, wala hausemi lolote juu ya majeraha ya moto au maradhi ya mionzi.

Anayetaka kulieleza bomu la Hiroshima kwa usahihi anaweza kusema kwamba lilikuwa na uzito wa tani 4.4 na nguvu ya kilotani 15. Mara nyingi inatosha kuliondoa neno "uzito" na kuweka "nguvu" mahali pake.