Nkrumah Hall ya UDSM sio bweni jamani

Nkrumah Hall pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni ukumbi wa mikutano na mihadhara, basi. Jina ni la Kwame Nkrumah, rais wa kwanza wa Ghana, na ndio lile jengo lenye paa lililonyanyua ncha ambalo lilikuwa nyuma ya noti ya 500 yenye sura ya Karume, iliyoanza kutumika 2011 halafu Benki Kuu (BoT) wakaikusanya mwanzoni mwa 2025. Sasa kila chuo kikitoa majina ya waliopangiwa vyumba lazima atokee mtu aulize eti Nkrumah Hall wanalala wangapi wangapi. Hakuna vitanda mle bwana, kuna jukwaa na viti! Tamasha la Kigoda cha Mwalimu, lile la kitaaluma la kumuenzi Nyerere, lilipoanza 2009 mwandishi wa Nigeria Wole Soyinka alihutubia humo humo.

Ila siwalaumu sana maana Mlimani, yaani kampasi kuu ya UDSM, neno "hall" linapiga kazi mbili. Hall One, Hall Two mpaka Hall Seven hayo ni mabweni kweli, nguo zimeanikwa madirishani, rice cooker imefichwa chini ya kitanda. Halafu mabweni makubwa yaliyofunguliwa 2017 wakayaita Hosteli za Magufuli, sio hall tena, kwa hiyo mgeni akija anachanganyikiwa kihalali kabisa.

Hii kitu tumeirithi kwa Waingereza. Oxford ya zamani nyumba walizokaa wanafunzi ziliitwa hall, na chumba kikubwa cha kulia na kukutania nacho hall, wao hawakuona shida. Chuo chetu kilianza 1961 mtaa wa Lumumba kwenye jengo la chama cha TANU kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kilipohamia mlimani 1964 kikapanda na maana zote mbili. Kiswahili chenyewe kina ukumbi na kina bweni, vimetenganishwa vizuri tu, sisi tukang'ang'ania hall.

Kinachovuruga zaidi ni Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda. Kampala nako kuna Nkrumah Hall na ile ya kwao ni bweni la wanaume, kama mabweni mengine ya huko, Lumumba na Livingstone. Na mpaka 1970 Makerere, Nairobi na Dar vilikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, sheria unaisoma Dar, uinjinia Nairobi, udaktari Makerere, kwa hiyo familia nyingi zina mzee aliyesoma upande ule na stori zake zikifika kwa wajukuu vyuo vimeshakorogana.

Kwa hiyo mzee akikwambia enzi zake alikaa Nkrumah usimbishie, muulize kwa adabu, Kampala au Dar? Akisema Dar basi alikaa kwenye kiti.