Friza peke yake haiokoi hopsi zilizofunguliwa

Ushauri ule ule wa kuhifadhi hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, umerudi tena: "Kunja mdomo wa mfuko, bana, tupa kwenye friza, yamekwisha." Hayajaisha. Baridi inasaidia sana, lakini adui ni oksijeni, na ukikunja mfuko hivyo umemfungia humo humo na hopsi zako.

Kwa makadirio, joto likishuka nyuzi 15, kasi ya kuharibika hupungua kwa nusu. Hopsi za aina ya Cascade zikikaa miezi 6 kwenye nyuzi 20 hupoteza karibu nusu ya asidi zake za alfa, zile zinazotia bia uchungu. Aina ya Magnum huvumilia zaidi. Friji ya nyuzi 4 hupunguza kasi kwa nusu hivi, friza ya -18 karibu mara sita.

Sasa mfuko, maana hapa ndipo ninapochoka. Mfuko wa zipu, hata uukamue vipi, ni polithini, na polithini hupitisha oksijeni polepole usiku na mchana. Ukifungua friza ukapokewa na harufu ya hopsi, mafuta yanatoroka, na panapotoka harufu hewa nayo inapita. Tumia mfuko wa foili au wa tabaka nyingi, unyonye hewa kwa mashine, uzibe kwa moto. Kama huna mashine, rudisha hopsi kwenye foili yake, pulizia kaboni dioksidi kutoka kwenye mtungi wa bia, kamua, kisha bana mdomo kwa pasi. Bora zaidi, gawa gramu 25 hadi 30 kwa kila kifuko siku ile ile unapofungua.

Usiziyeyushe mezani, zitavuta unyevu. Pima, zitie zikiwa baridi. Zikinuka jibini au soksi, tupa, isipokuwa unapika lambiki, bia kali ya asili ya Ubelgiji, kama Wabelgiji, wanaozizeesha kwa makusudi.

Kuhusu uchungu, vikokotoo vya watengeneza bia vinanitia shaka. Vitakuambia gramu 20 za alfa 6% zilizoshuka hadi 4.5% zifidiwe kwa gramu 27. Lakini alfa ikioksidika huzaa humulinoni, na asidi za beta, nazo zimo kwenye hopsi, huzaa huluponi, na zote mbili ni chungu. Kwa hiyo uchungu haushuki sambamba na alfa. Mimi ningeishia gramu 23, za kuchemshwa dakika 60. Harufu haina fidia ya namna hiyo: ya kutia mwishoni, au kwenye bia iliyokwisha chacha, fungua kifuko kipya.