Umeme wa kuinua unyayo kwa mwenye MS

Multipo sklerosisi, au MS kwa kifupi, ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Amri za ubongo hufika misulini zimechelewa, au hazifiki kabisa. Wakati mwingine kiatu ndicho kinachosema mapema: ncha ya soli imelika kuliko kisigino, kwa kuwa unyayo haunyanyuki na vidole vinaburuta. Mgonjwa huurusha mguu kwa nje ili upite, na ukingo wa mkeka tu unatosha kumwangusha.

Msisimko wa umeme hujaribu kuziba pengo hilo. Vibandiko viwili vya elektrodi huwekwa chini kidogo ya goti, upande wa nje, karibu na kinundu cha mfupa ambapo neva inayonyanyua unyayo hupita chini tu ya ngozi. Swichi hukaa kiatuni, chini ya kisigino. Kisigino kikiinuka, kifaa chenye betri hutuma mapigo madogo ya umeme, msuli wa mbele ya mguu hukaza, na unyayo hunyanyuka. Kisigino kikigusa chini, umeme hukatika. Mtu huhisi kama anachomwachomwa na sindano, na wengi huzoea. Kibandiko kikisogea kidogo, unyayo waweza kupindia ndani, ndiyo maana siku za mwanzo huhitaji mtaalamu wa fiziotherapia.

Wazo lenyewe si geni. Daktari Liberson na wenzake walilieleza nchini Marekani mwaka 1961, kwa waliopooza upande mmoja. Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu, iliridhia mwaka 2009 litumike kwa unyayo unaolegea kutokana na hitilafu ya ubongo au uti wa mgongo.

Sharti ni kwamba neva ya kutoka uti wa mgongo hadi msulini iwe nzima. Kwa mwenye MS kwa kawaida ni nzima. Kwa aliyelegea mguu kwa polio, sivyo. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asitumie kifaa hiki cha mguu bila ruhusa ya daktari wake. Na muuzaji anayekiita tiba ya MS anadanganya: ugonjwa unabaki palepale, na nafuu kubwa hupatikana kifaa kikiwa kimevaliwa na kimewashwa.