Sukari Isiposhuka, Tuulize Kwanza Mgonjwa Anaishije

Wagonjwa wawili wa kisukari wanaweza kutoka kliniki siku moja wakiwa na vidonge vilevile na dozi ileile, kisha baada ya miezi mitatu HbA1c ya mmoja ikawa asilimia 6.8 na ya mwenzake 11. Kipimo hiki huonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, na kwa watu wazima wengi tunapenda kiwe chini ya asilimia 7. Yule wa 11 mara nyingi huitwa mkaidi, akaongezewa dozi. Nawasihi wahudumu wenzangu, na ndugu wa wagonjwa pia, tuulize kwanza: anaishi na nani? Anafanya kazi gani? Nani anampikia? Fedha ya dawa inatoka wapi?

Chukua mlinzi wa usiku. Ameandikiwa glibenclamide, ameze asubuhi pamoja na chakula. Asubuhi ndiyo anatoka lindoni, anameza dawa, anajilaza bila kula. Dawa hiyo huisukuma kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari, hata kama tumbo ni tupu, hivyo sukari inaweza kushuka akiwa usingizini. Akizinduka ana jasho, anatetemeka na kuchanganyikiwa, ataanza kuiogopa dawa na kuiacha kimyakimya. Hapo dozi kubwa zaidi ni hatari. Anachohitaji ni ratiba ya dawa inayofuata saa zake za kula, au dawa nyingine. Sukari ikiwa chini ya 4 mmol/L na mgonjwa bado anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu vidogo (vya chai) vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Asiyejitambua asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali.

Chakula nacho ni suala la nyumba nzima. Tunamwambia baba apunguze ugali na aongeze mboga za majani, naye hajawahi kushika mwiko. Basi aje na mama watoto wake kliniki. Ugumu zaidi naukuta kwa mwanamke aliyeolewa katika nyumba ya wakwe: anakula kinachopikwa kwa wote, na akiomba kupunguziwa wanga ataonekana anajidai. Wapo pia wasichana wenye kisukari aina ya kwanza (mwili hauwezi kujitengenezea insulini) wanaojificha kujichoma insulini bwenini, wakihofia kwamba ikijulikana hawataolewa. Wakiruka sindano, sukari hupanda na asidi hujaa kwenye damu, hali inayoweza kuua. Familia zinazoficha ugonjwa wa binti zinamweka hatarini bila kukusudia.

Umaskini una njia nyingi za kuingia. Kuna anayemeza nusu dozi ili vidonge vifike mwisho wa mwezi, anayekosa nauli ya kufika hospitali ya wilaya, na mwenye mashine ya kupimia sukari lakini hana vijiti vyake. Mwambieni daktari ukweli huu. Zipo dawa za bei nafuu zinazofanya kazi vizuri, na kupima mara chache kwa saa zilizopangwa kuna faida kuliko kutopima kabisa. Asiye na friji asikate tamaa na insulini. Chupa inayotumika kwa kawaida hukaa takriban wiki nne nje ya friji ikiwa joto halizidi nyuzi 30. Sehemu zenye joto kali, weka chungu ndani ya chungu kikubwa, jaza mchanga mbichi katikati, nyunyizia maji kila siku, kisha hifadhi insulini ndani, kavu na imefunikwa.

Umri na elimu pia vina uzito wake. Bahasha iliyoandikwa “1×2” haimsaidii bibi asiyesoma, na macho yaliyofifia hayaoni mistari ya bomba la sindano. Mchoreeni jua na mwezi, na mjukuu mmoja akabidhiwe jukumu kwa jina. Kwa mzee dhaifu, HbA1c ya karibu asilimia 8 inaweza kutosha, kwa kuwa sukari ikimshuka anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga.

Siku ya kliniki njoo na dawa zote unazotumia, hata za mitishamba, na utaje saa unazokula kweli, si zile unazodhani tunataka kuzisikia.